Mwenye Shida Asiende Peke Yake

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wahitimu wenzetu wa kisomo hapa Ndalambo, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Tumeyaandika gazetini ili na wale ambao hawakuwepo wayasome, au wasomewe na jirani.)



Tunajua wengine mmetoka shambani moja kwa moja, na majembe yenu yako hapo nje. Hatutawachelewesha. Leo hatuzungumzi habari ya mbolea wala bei ya mahindi. Tunazungumza habari ya nyumba zetu. Mtu akifikwa na shida kubwa katika familia, aende wapi? Amepigwa, au ametelekezwa, au amefiwa na kunyang'anywa mali, au amekata tamaa kabisa. Aende wapi? Na sisi majirani tumfanyie nini?

Kabla ya kuwafundisha wengine, tunaanza na kosa letu sisi wenyewe.

KOSA LETU

Sisi ni wazee wachache wa kitongoji. Kwa miaka mingi majirani walituletea ugomvi wa nyumbani ili tuwapatanishe. Hakuna sheria iliyotuweka. Ni umri tu na heshima ya watu.

Mama mmoja alikuja kwetu. Jina lake hatulitaji. Mwenyewe ametupa ruhusa tuseme habari zake, lakini jina libaki kwake. Ana watoto watatu. Mume wake aliuza mahindi ya msimu mzima, akapanda gari kwenda Tunduma na fedha zote. Tunduma mnaijua. Ni mji wa mpakani, malori hayalali, na ng'ambo ni Nakonde ya Zambia. Fedha huko zina mabawa. Baada ya wiki tatu mume akarudi, mfuko mtupu. Mama alipouliza fedha ziko wapi, akapigwa.

Basi akaja kwetu. "Shikamooni wazee." Tukaitika. Akakaa chini. Akasema, "Baba zangu, nimechoka."

Tulimjibu nini? Tulimwambia, "Mwanetu, ndoa ni uvumilivu. Rudi nyumbani." Tukamwita mume, tukamtoza jogoo. Jogoo tukamla sisi. Tukasema mambo yamekwisha.

Mara ya pili alikuja jicho limevimba. Tukamwambia yale yale. Mara ya tatu tulimwona anakuja kwa mbali, na mmoja wetu akasema, "Huyu naye amezidi." Neno lile mama alilisikia. Akageuka njiani. Hakuja tena.

Siku moja alfajiri mtoto wake wa kwanza, wa miaka tisa, aligonga mlango wa jirani kuomba unga. Jirani akauliza, "Mama yuko wapi?" Mtoto akajibu, "Ameondoka tangu juzi usiku." Watoto wale walikuwa wamelala peke yao usiku wa pili, wakitafuna mahindi makavu. Mama tulimkuta kwa dada yake, kijiji kingine. Amelala, hali chakula, hasemi na mtu. Dada yake alituambia kwamba alifika pale akisema afadhali afe.

Ndugu zetu, hapo tulitazamana sisi kwa sisi. Yule jogoo tulimkumbuka.

JIRANI ALIFANYA NINI?

Jirani yule hakutungoja. Alimbeba mtoto mdogo mgongoni, akawashika wale wawili mkono, akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akampigia simu afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa akaja.

Sisi tulidhani afisa atauliza kwanza, "Mwenye makosa ni nani?" Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Watoto wamekula? Leo watalala wapi?" Watoto wakapelekwa kwa bibi yao. Mama akapelekwa kwenye kituo cha afya. Baada ya siku chache afisa alizungumza naye peke yake, bila ndugu, bila wazee, bila mume. Alimsikiliza muda mrefu. Kisha mume akaitwa. Habari ya kipigo ikafikishwa polisi. Habari ya matunzo ya watoto ikaandikwa kwenye karatasi: chakula kiasi gani, sare na madaftari nani ananunua. Mume akatia sahihi.

Hatusemi kila kitu kimekuwa kizuri. Mtoto wa kwanza alikosa shule muhula mzima. Mama anatuambia bado kuna usiku hapati usingizi. Mume analeta matunzo, lakini mara nyingine mpaka akumbushwe. Hata hivyo watoto wanakula, mama anazungumza na watu, na analima shamba lake. Tungemsindikiza siku ile ya kwanza, haya mengine yasingetokea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuona mara tatu.

AFISA USTAWI WA JAMII NI NANI?

Wengi wetu tulikuwa tukisikia jina hili tu. Wengine walidhani ni askari. Wengine walidhani ni mtu wa kugawa fedha. Sivyo.

Afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wa umma aliyesomea kazi ya kuwasaidia watu waliofikwa na shida. Kazi hii ina mafunzo yake. Kwa mfano, kiko Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kazi hii hufanywa katika halmashauri. Sisi wa Momba zamani tulikuwa chini ya Mbozi, na ofisi zetu zilikuwa Vwawa. Wilaya yetu ilitengwa mwaka 2012, na mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukatengwa kutoka Mbeya. Makao ya halmashauri yetu sasa yako Chitete. Kama nauli ya Chitete ni shida, anza kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, au kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wao wanaweza kumpigia simu. Huduma yenyewe hailipiwi.

Kazi zake ni hizi:

1. Kusikiliza mtu mwenye shida na kutunza siri yake.
2. Kupatanisha mume na mke, kama wote wawili wanataka na kama hakuna hatari.
3. Kusimamia makubaliano ya matunzo ya watoto.
4. Kutafuta mahali salama kwa mtoto aliyetupwa, aliyeachwa au anayeteswa.
5. Kuifikishia mahakama taarifa juu ya hali ya mtoto, ili hakimu ajue mtoto akae na nani.
6. Kumsaidia mzee, mlemavu, au mgonjwa asiye na uwezo wa kulipia matibabu.
7. Kumuunganisha mtu na polisi, hospitali, mahakama au msaada wa sheria.

Yeye si hakimu, wala hafungi mtu. Ni kama mtu anayejua vivuko vyote vya mto. Anakushika mkono, anakuonyesha pa kukanyaga.

MAMBO YASIYOKWISHA KWA JOGOO

Kupatanisha watu ni jambo jema. Hata sheria inalitaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na kwa kawaida mtu hawezi kudai talaka mahakamani kabla shauri halijapita kwenye baraza hilo. Lakini sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inasema anayo. Ni zaidi ya miaka 50 sasa tangu sheria hiyo itungwe, na sisi bado tulikuwa tunatoza jogoo.

Yako mambo ambayo wazee hawaruhusiwi kuyamaliza nyumbani. Kubaka, kumwingilia mtoto, kumjeruhi mtu, kumtesa mtoto: haya ni makosa ya jinai. Ukipokea mbuzi au fedha ili kuyafunika, na wewe umeingia katika kosa. Yapelekwe polisi. Katika vituo vingi vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, na kazi yake ni hii. Polisi watatoa fomu ya matibabu, ile tunayoiita PF3. Mtu akiwa na hali mbaya, mpelekeni akatibiwe, na mwingine afuate fomu.

Mtu aliyebakwa awahi kituo cha afya kabla ya saa 72, yaani siku 3. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na baada ya saa hizo haziwezi kumsaidia. Akiwahi mapema zaidi ni bora zaidi. Asioge kwanza, asifue nguo. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki. Na hata siku 3 zikipita, aende tu. Bado kuna msaada mwingine.

Habari za mtoto zina uzito wa pekee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo inampa kila mwananchi wajibu: ukijua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, toa taarifa kwa serikali ya mahali pako. Haisemi "ukipenda". Simu namba 116 ni ya kusaidia watoto. Hailipiwi, na inapokelewa usiku na mchana. Hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandikeni kwenye ukuta wa darasa hili leo.

MJANE NA MALI

Shida nyingine ni ya msiba. Baba akifa, kabla matanga hayajaanuliwa, ng'ombe wanahesabiwa, baiskeli imeondoka, na mjane anaambiwa arudi kwao. Jamani, mbona twafanya hivi?

Njia halali ni hii. Ukoo unakaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao unaandikwa. Kinatafutwa cheti cha kifo. Kisha mahakama ndiyo inayomthibitisha msimamizi. Mashauri mengi ya namna hii huanzia Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi si mwenye mali. Ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili.

Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi haina nguvu. Na mtu asiseme, "Mama huyu hakuleta kitu, alikuwa anapika tu." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililohusu talaka, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kuchota maji, kulea: vyote ni kazi.

Mjane asiyeweza kulipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao kwa asiye na uwezo hauna malipo. Afisa ustawi wa jamii au mtendaji ataelekeza walipo.

SISI MAJIRANI TUFANYE NINI?

Baada ya kosa letu tulijifunza maneno matatu. Tunaomba myashike.

La kwanza, SIKILIZA. Mtu akija na shida, mpe kiti, mpe maji, nyamaza. Usiseme, "Na wewe ulimfanya nini?" Usiseme, "Mwenzako ana shida kuliko wewe." Usimpeleke mbele za watu. Aliyosema usiyapeleke kisimani wala kilabuni. Ila kama kuna mtoto hatarini, au mtu anaweza kuuawa au kujiua, hapo siri haifichwi. Mwambie mwenyewe, "Hili lazima tuliseme kwa wanaohusika."

Mtu akisema anataka kufa, msimcheke, wala msimkemee. Muulizeni kwa upole, msimwache peke yake, ondoeni karibu naye dawa za kuulia wadudu, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kukata tamaa ni ugonjwa unaotibika.

La pili, ANDIKA. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Nunueni daftari dogo. Andikeni tarehe, nini kilitokea, nani aliona. Mama yule hakuwa na tarehe hata moja, na sisi tuliomsikia mara tatu hatukuwa na hata mstari mmoja. Maneno husahaulika, maandishi hubaki. Daftari litunzwe mahali salama, hata kwa jirani mwaminifu.

La tatu, SINDIKIZA. Usimwambie mtu, "Nenda Chitete." Mwambie, "Kesho asubuhi twende." Mtu aliyeonewa anaona haya, anaogopa, hajui mlango. Akikuta ofisi imefungwa anarudi na hatajaribu tena. Wakiwa wawili watauliza, watangoja, watarudi kesho.

Barua ya kwenda kuomba msaada isiwe ndefu. Mfano ni huu:

"Kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Halmashauri ya Wilaya ya Momba. Kupitia kwa Mtendaji wa Kijiji. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mume wangu ameondoka tangu mwezi Julai na haleti matunzo. Amenipiga mara mbili, tarehe 4 na tarehe 19. Jirani aliona. Mtoto wa pili anaumwa. Naomba kuonana nawe, au uje nyumbani. Simu ya jirani yangu ni hii." Kisha jina, kijiji na sahihi.

Hiyo inatosha. Bakini na nakala. Na asiyejua kuandika asaidiwe na mmoja wetu hapa, bila malipo.

WATU WANASEMA

Tunajua wengine mna maneno moyoni. Tuyaseme wazi.

Wengine wanasema, "Mambo ya ndani yaishie ndani." Ni kweli kwa mambo madogo. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Watoto wale wangekufa njaa ndani ya mambo ya ndani.

Wengine wanasema, "Afisa atavunja ndoa zetu." Ndoa ile iliharibiwa na ngumi, na sisi tukasaidia kwa kunyamaza. Afisa alikuta imekwisha kuharibika.

Wengine wanasema, "Haya ni ya wanawake." Hapana. Wapo wanaume waliofiwa na wake, wana watoto wadogo, hawajui waanzie wapi. Wapo waliotawaliwa na pombe na wanataka kuacha. Wapo wazee wanaoitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu tu, na maisha yao yako hatarini. Nao waende. Mwanaume kuomba msaada si aibu. Aibu ni kungoja mpaka nyumba ianguke.

Na mwingine atasema, "Nilikwenda, sikusaidiwa." Hilo nalo hutokea. Maofisa ni wachache na kazi ni nyingi. Rudini tena mkiwa wawili, na daftari mkononi. Mkikwama kijijini, nendeni kata. Mkikwama kata, nendeni wilayani.

TUONDOKE NA NINI?

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana. Hawakuishia hapo. Waliinuka wakachimba vyoo. Sisi leo hatuchimbi choo, lakini tusiondoke mikono mitupu.

Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017 na kuitwa kwa kifupi MTAKUWWA, ulitaka vijiji viwe na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Katika mkutano wa kijiji unaofuata, simameni muulize: Kamati yetu ina akina nani? Ilikutana lini? Kama imelala, iamshwe. Kama haipo, iundwe.

Tena, kila kitongoji kichague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wa kumsindikiza mwenye shida. Wawe watu wa kutunza siri. Sisi wazee tumeshaanza. Siku hizi mtu akija kwetu, hatutozi jogoo. Tunauliza, "Umekula? Watoto wako wapi? Tuondoke saa ngapi?"

Mama yule alikuja kwetu mwezi uliopita. Tuliogopa kidogo tulipomwona. Alikuwa amemleta jirani yake, binti mdogo, amejifunika khanga mpaka machoni. Mama akasema, "Wazee, safari hii mimi ndiye ninayemsindikiza. Nimekuja tu kuwaambia tunapita."

Tuliinuka, tukawafuata.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtu mwenye shida ya familia kitongojini kwetu huenda kwa nani kwanza? Husaidiwa vipi?
2. Ni mambo gani tunaweza kuyapatanisha wenyewe, na yapi lazima yapelekwe polisi?
3. Nani atakuwa wasindikizaji wetu? Andikeni majina yao na namba zao za simu, myabandike ofisi ya kijiji.